Wageni Wawili kwenye Diski Moja

Shangazi Asta aliingia jikoni kwangu bila kuvua viatu, na mtu wa Lemvig, mji wetu huu wa pwani ya Denmark, akikuingilia na viatu ujue kuna jambo. Hakukaa. Alisimama katikati ya jiko, mkoba begani, akanieleza kwamba jirani yake Else anakwenda Mallorca kuota jua, na kwenye ndege bado kuna kiti.

"Ndege ya lini, shangazi?"

"Ya Jumamosi."

Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa anatimiza miaka themanini. Ukumbi ulikuwa umekwisha kodiwa, nyama imeagizwa, na jamaa walikuwa wanatoka hata huko mbali Aalborg.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mogens ananiambia anatunga wimbo. Bjarne naye ananiambia anatunga wimbo. Mi nyimbo mbili sizitaki. Nikiimbiwa mbili watu watapima ni nani kapigiwa makofi mengi, nami nitakaa katikati kama mzani wa sokoni. Nataka wimbo mmoja, wa wanangu wote wawili. Usipokuwepo, basi nyama mtakula wenyewe. Mi nitakuwa ufukweni na Else."

Kwetu mtu hafikishi themanini bila wimbo. Huchukuliwa tuni inayojulikana na kila mtu, ikatiwa maneno mapya juu ya maisha ya mwenye siku, beti nyingi kuliko uvumilivu wa waimbaji, na vina vya kulazimisha. Kila mgeni hukuta nakala yake kwenye sahani, imeviringishwa na kufungwa utepe. Kuufungua utepe kabla ya wakati ni utovu wa adabu, na kutoimba ni utovu mkubwa zaidi.

"Sasa mi nitafanya nini, shangazi? Hawasemezani."

"Wewe si ndiye unayewaunganisha kule chini?"

Kule chini ni chini ya duka. Mume wake, Holger, alikuwa na duka la rangi pale mtaa wa bandarini, na alipofariki wanawe waliligawa. Ukuta wa mbao ulipigwa katikati. Mogens, mkubwa, akachukua rangi. Bjarne akachukua karatasi za ukutani na mazulia. Mteja anayetaka kupaka dari na kubandika kuta hutoka mlango mmoja, akatota mvua hatua chache, akaingia mlango wa pili huku akijitia hatoki popote. Hali hiyo ilikuwa na miaka sita. Ukimuuliza Mogens kisa, anajibu, "Yeye anajua." Ukimuuliza Bjarne, anajibu, "Anajua mwenyewe." Hapo mazungumzo huishia, maana sisi watu wa pwani ya magharibi maneno tunayatoa kwa kubana. Ukitenda ubaya utaelezwa na wengine. Ukitenda wema unaumeza, na anayeutaja wema wake tunamwangalia kama mgonjwa.

Duka liligawanyika, lakini seva haikugawanyika. Ilikuwa moja, nzito, imekaa kwenye ghala la chini, na mimi ndiye niliyeitunza, kwa sababu ndiyo kazi yangu: natunza kompyuta za maduka yasiyoweza kuajiri mtu. Ndugu hao hawakutaka kuchangia mashine, na hakuna kati yao aliyekubali kuwa wa kwanza kununua nyingine, maana angeonekana ndiye aliyeondoka. Kwa hiyo ndani ya ile seva moja nilitengeneza mashine pepe mbili, ya Mogens na ya Bjarne. Kila moja inajiona ni kompyuta kamili, iko peke yake duniani. Sisi mafundi ile kubwa tunaiita mwenyeji na zile za ndani tunaziita wageni. Mwenyeji ndiye anayewagawia wageni wake nafasi ya diski na kumbukumbu, na kumbukumbu ninayoisema hapa ni kama meza ya kufanyia kazi: ikiwa pana unafanya haraka, ikiwa finyu unahangaika.

Mwenyeji mwenye akili haachi meza ikae bure. Mgeni mmoja akilala, anampunguzia nafasi na kumpa mwenzake. Hili nilimweleza Bjarne siku aliyonipigia simu kulalamika, na nilijuta kabla sijamaliza sentensi.

"Yaani kumbukumbu yangu anaitumia yule?"

"Wakati wewe umekwenda kula tu, Bjarne."

"Mwambie airudishe."

"Inarudi yenyewe ukianza kazi."

"Ikiwa imechakaa."

"Kumbukumbu haichakai, bwana."

"Hujui wewe. Nilimwazima baiskeli huyo."

Mogens alikuwa hatari zaidi kwa sababu alikuwa anasoma. Alishuka ghalani siku moja akaona kwenye skrini yangu taarifa ya kurasa zinazofanana. Wageni wawili wakiwa na kitu kilekile kabisa kwenye kumbukumbu, mwenyeji hakiweki mara mbili. Anaweka nakala moja, na wote wanaisoma hiyohiyo. Kwa mashine zile mbili vitu vya namna hiyo vilikuwa zaidi ya nusu.

"Hii ina maana gani?" akauliza, kidole kwenye kioo.

"Kwamba wewe na Bjarne mnafanana sehemu kubwa."

"Futa."

"Nikifuta, seva itasimama."

"Basi zifanye zangu ziwe tofauti."

"Tofauti vipi, Mogens?"

Alifikiri sana. "Bora," akasema, akapanda ngazi.

Hao ndio watu ambao Shangazi Asta alitaka watunge wimbo mmoja.

Nilianza kwa njia ya kistaarabu. Nilitengeneza folda ya pamoja kwa mwenyeji, nikaipa jina Mama, nikawafungulia wageni wote wawili, na ndani yake nikaweka faili moja tupu. Niliwapigia simu mmoja mmoja nikawapa ujumbe wa mama yao neno kwa neno, pamoja na Mallorca. Wote walishtuka, kwa sababu Asta hatishi bure. Wote wakakubali kuandika kwenye faili hiyo. Utaratibu ni huu: mwenyeji anasimamia folda, na mmoja akiwa ameifungua faili, mwingine anaweza kuisoma lakini hawezi kuandika mpaka mwenzake aifunge.

Mogens akaifungua asubuhi, akaenda kuchanganya rangi. Mchana ikawa bado wazi. Jioni alifunga duka, faili hakuifunga. Ndani yake hakukuwa na hata herufi moja.

"Anakalia faili!" Bjarne alipiga kelele kwenye simu. "Haandiki chochote, ameikalia tu!"

Nilimpigia Mogens. "Nafikiri," akasema. "Kufikiri kumekatazwa?"

Usiku niliifunga mimi kwa mwenyeji, na kesho yake Bjarne alimtangulia, akaifungua yeye, akaliweka zulia mbele ya mlango wake mtu asimwingilie. Siku ya tatu niliwakuta wote wawili kwenye maegesho kabla ya mapambazuko, kila mmoja ndani ya gari lake, taa zimezimwa, wanatazamana. Wanaume wa makamo, wenye wajukuu! Nilikasirika hata nikasahau baridi.

Nikagonga kioo cha Bjarne. "Mnataka nini hasa?"

"Haki sawa. Asiwepo wa kungoja na asiwepo wa kungojwa."

Nikagonga kioo cha Mogens. "Na wewe?"

"Huyo mwenyeji anayeamua nani aandike, funguo zake anazo nani?"

"Mimi."

"Na wewe uko upande wa nani?"

"Wa seva!"

"Ndivyo wasemavyo wote," akasema, akapandisha kioo.

Kwa mara ya kwanza katika miaka sita walikuwa na shauri moja, bila kusemezana: asiwepo wa katikati. Walitaka diski tupu, iunganishwe moja kwa moja na mashine zote mbili, kila mmoja aandike anapotaka. Niliwaeleza kwa nini haifanywi hivyo. Mgeni akishaisoma faili anaweka nakala kwenye kumbukumbu yake, na akiitaka tena anaangalia nakala hiyo, haendi kwenye diski. Bila msimamizi hana habari kwamba mwenzake ameandika juu yake. Kila mmoja ataona kazi yake tu, safi na salama, na kwenye diski yenyewe patakuwa na vurugu, kipande cha huyu na kipande cha yule.

"Anatutisha kwa maneno ya kifundi," Mogens aliwahi kumwambia mkewe juu yangu, nami nikapata habari. Siku mbili zilikuwa zimebaki. Niliwatumia onyo kwa maandishi, kila mmoja akajibu kwa neno lilelile: unganisha. Nikasema potelea mbali, nikaunganisha.

Alhamisi hakuna aliyenipigia mchana kutwa. Jioni Bjarne alinipigia, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Tove, dada, nimemaliza. Beti kumi na nne."

"Na Mogens?"

"Hajaandika hata mstari. Nimeangalia mara tatu. Nadhani kaona hana la kusema."

Sikuwa nimeweka simu chini Mogens akapiga.

"Imekwisha. Beti kumi na nne. Yule mwingine kanyamaza kabisa. Nilijua. Kutunga ni kipaji."

"Mogens, nakuomba, angalia tena."

"Nimeangalia! Ni yangu mwanzo hadi mwisho. Chapa."

Ijumaa nilishikwa na kazi za maduka mengine. Jumamosi asubuhi niliizima mashine ya kwanza, kisha ya pili, nikaenda kuisoma faili upande wa mwenyeji, pale inapoonekana ilivyo kweli. Niliifungua, karatasi ziko tayari kwenye mashine ya kuchapa, gauni la sherehe limetundikwa mlangoni. Yaliyokuwa humo yalikuwa haya:

*Ulinipeleka baharini,*
*ukanivua koti na shati,*
*ukasema, "Usiogope, mwanangu,*
*utaiva taratibu kwa siagi."*

Mogens alikuwa akimsifu mama yake kwa kumfundisha kuogelea. Bjarne alikuwa akimsifu kwa bata wa sikukuu. Walikuwa wamechukua tuni ileile, kwa kuwa familia nzima ya Asta inajua tuni moja tu, na kwa hiyo mistari ilikuwa imeingiana kama soksi za jozi tofauti zenye urefu mmoja. Nikaendelea.

*Ukagonga lango la kanisa*
*siku ya mtihani wa gari.*
*Mchungaji akatoka akasema,*
*"Niongezee kidogo, na sukari."*

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Sikufika hata nusu ya wimbo. Ningefanya nini? Kama ningeuchapa wa Mogens, Bjarne angetoka ukumbini, na kinyume chake vilevile. Kuwaita warekebishe pamoja kungechukua miaka sita mingine. Nikiwa bado sakafuni simu ikalia.

"Wimbo upo?" Alikuwa Shangazi Asta.

"Upo."

"Ni mmoja?"

"Shangazi, ni mmoja kabisa. Hautenganishiki."

"Basi nakuja," akasema. Nikachapa nakala za watu wote, nikaviringisha, nikafunga utepe.

Ukumbini Mogens aliketi mwisho wa meza huku, Bjarne mwisho wa meza kule, na mama yao katikati mwenye blauzi ya bluu, mgongo wima. Watu walikula nyama na viazi vilivyokaangwa kwa sukari na mchuzi wa kahawia, wakaongezewa, wakala tena. Kisha mpiga kinanda akakaa, tepe zikafunguliwa. Nilimwona Mogens akitabasamu kuelekea kwa Bjarne. Bjarne naye alikuwa akitabasamu kuelekea kwa Mogens. Kila mmoja alikuwa akimhurumia mwenzake.

Ubeti wa kwanza ulipita salama, ulikuwa wa Mogens mtupu. Bjarne aligeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena. Wa pili ukawa ule wa baharini. Watu themanini waliimba kwa sauti kuu kwamba Asta alimvua mtoto shati ili amkaange, na kwa kuwa kwetu wimbo ukianza hausimamishwi, waliendelea kuimba huku machozi yakiwatoka. Walipofika kwa mchungaji na sukari yake, mchungaji wa kweli, aliyekuwa karibu na keki, ilibidi apigwe mgongoni. Mpiga kinanda hakuacha. Mogens alikuwa mwekundu. Bjarne alikuwa amesimama nusu, ananitafuta kwa macho, nami nilijificha nyuma ya maua ya mezani. Shangazi Asta peke yake hakucheka. Aliimba kila neno, kidole kikifuata mstari, kama anayesali.

Ndipo ukaja ubeti wa tisa, na wa kumi.

*Baba alipougua mwisho,*
*nilikuja kila alfajiri*
*nikawasha moto, nikachota maji,*
*nikampikia uji wa shayiri,*

*na kila jioni, duka likifungwa,*
*nilikuja, nikamkalia karibu,*
*nikamsomea gazeti mpaka alale.*
*Mama, ni sisi tu tuliomtibu.*

Wa juu ulikuwa wa Mogens. Wa chini ulikuwa wa Bjarne. Kwenye wimbo ndipo mahali pekee ambapo mtu wa kwetu anaruhusiwa kuutaja wema wake, maana si yeye anayesema, ni tuni. Na kila mmoja alikuwa ameutaja ili mwenzake ausikie na aone haya. Sauti zilianza kupungua. Watu walielewa mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, mpaka akabaki anaimba mama yao na kinanda, kisha kinanda nacho kikaacha.

Mogens alisimama. Aliyasema maneno yake ya kwanza kwa ndugu yake baada ya miaka sita, ukumbi mzima ukisikia.

"Ulikuwa unakuja jioni?"

"Kila jioni," Bjarne akasema. "We ulikuwa unakuja asubuhi?"

"Kila asubuhi. Nilidhani hukanyagi pale. Nilidhani umeniachia Baba peke yangu."

"Mi ndiye nilidhani umeniachia!"

Mtu mmoja akapenga kamasi. Nilidhani sasa watakumbatiana, nami nikatoa kitambaa kabisa. Uso wa Bjarne ukabadilika.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa unaacha sufuria chafu la uji?"

"Sufuria gani?"

"Kila jioni! Uji umegandana kama gundi! Majira yote ya baridi nalikwangua, nikidhani Mama amezeeka, namhurumia!"

"Na ile jibini iliyokuwa inakwisha?" Mogens akanguruma. "Nanunua jibini nzuri, kipande kizima, asubuhi nakuta ganda! Nilimwambia daktari kwamba Mama anakula ovyo usiku!"

"Nilikuwa na njaa! Nilitoka kazini!"

"Jibini ya wiki mbili, Bjarne! Iliyokolea!"

"Ilikuwa na chumvi sana hata hivyo!"

Mama yao alimtazama huyu, akamtazama yule. "Kwani hamkujua?" akasema, lakini hawakumsikia. "Mi nilidhani mnajua. Nani huanza kueleza mambo kama hayo?"

Ugomvi wa sufuria na jibini haufanyiki vizuri kwa umbali ule. Katikati ya sentensi Bjarne aliunyanyua ule mwili wake mkubwa, akashika kiti chake kwa mgongo, akakibeba kuvuka ukumbi mzima, watu wakiinamisha vichwa miguu ya kiti isiwagonge. Akakiweka karibu na cha Mogens, kiti kwa kiti, akakaa, akampigia meza. Mogens naye akapiga meza. Glasi zikaruka.

Mimi nikainuka ili niwatulize. Sherehe ilikuwa inaharibika, na kwa sehemu yangu nilijiona nina lawama. Shangazi Asta akanidaka kiwiko.

"Kaa chini, Tove."

"Shangazi, watavunja vyombo."

"Wavunje." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Miaka sita kila mmoja anakuja kwangu peke yake, ananisalimia kwa adabu, anakunywa kahawa kwa adabu, anaondoka. Adabu imenichosha mimi. Hebu wasikilize wanavyofoka. Kama walipokuwa wadogo."

Akamwita msichana wa kuhudumia, akamnong'oneza apeleke jibini pale mwisho wa meza.

"Vipande viwili?" msichana akauliza.

"Kimoja," akasema Shangazi Asta. "Wagombanie."